Sura ya Sita: Kumbukumbu Ipi Imejaa?

Linka za mwanzo za Microsoft kwenye DOS zilikuwa na ujumbe mmoja wa ajabu. Ukiwa katikati ya kuunganisha programu, skrini ilikutangazia kwamba faili liitwalo VM.TMP limeundwa, kisha ikakuonya usibadilishe disketi iliyomo kwenye draivu. Basi. Hapakuwa na maelezo ya faili hilo limetoka wapi wala ni la nini. Mwenye uzoefu alielewa papo hapo: kumbukumbu ya kompyuta imekwisha, na linka imeanza kumwaga sehemu ya kazi yake kwenye disketi. Asiye na uzoefu aliweza kuitoa ili aweke ile yenye maktaba, na kuanzia hapo hakuna aliyejua linka ingefanya nini.

Nimeanza na ujumbe huo kwa sababu ulikuwa wa kiungwana kuliko ndugu zake. Angalau ulisema kuna jambo na ukasema usifanye nini. Makosa mengi ya linka yanayotokana na kumbukumbu hayafiki hata hapo. Yanataja namba, jina la ajabu lenye mstari chini mbele yake, na neno moja au mawili ambayo mtu anayasoma mara kumi bila kuambulia kitu.

Tuitazame kwanza linka yenyewe, maana wapo walioandika programu miaka na miaka bila kujua kwamba wanaitumia. Kompaila hutafsiri faili moja moja. Ikifika mahali ambapo faili la kwanza linaita funksheni iliyoko kwenye faili la pili, haina namna ya kujua funksheni hiyo itakaa kwenye anwani gani. Kwa hiyo inaacha nafasi tupu na kuandika kando kwamba hapa patajazwa anwani ya jina fulani. Matokeo yake ni faili la .OBJ, au .o kwa watu wa Unix. Linka ndiyo inayokuja baadaye, ikakusanya mafaili yote hayo pamoja na maktaba, ikapanga kila kipande kikae wapi, halafu ikarudi kujaza nafasi zile moja baada ya nyingine. Kazi hii ni kongwe. Programu ya A-0, ambayo Grace Hopper aliiandika mwaka 1951 na 1952 kwa ajili ya kompyuta ya UNIVAC I, hutajwa na vitabu vingi kuwa kompaila ya kwanza duniani. Lakini ukitazama ilichokuwa ikifanya, yaani kuchukua vifungu vilivyokwisha kuandikwa, kuvipanga na kuvijazia anwani, utaona inafanana zaidi na linka ya leo kuliko kompaila.

Sasa, linka inapolalamika kuhusu kumbukumbu, swali la kwanza ni hili: kumbukumbu ipi? Ipo ile ambayo linka yenyewe inaitumia ikiwa kazini, kushikilia majina yote na vipande vyote. Upo upana wa ile nafasi tupu inayojazwa anwani, ambao uliamuliwa na waliobuni prosesa na RAM yako haiwezi kuupanua. Na ipo kumbukumbu ya mashine itakayoendesha programu, ambayo huenda si mashine hii uliyoikalia. Malalamiko ya aina hizi tatu hufanana sana kwa maneno, ila dawa zake haziingiliani hata kidogo. Kuongeza RAM hutibu aina ya kwanza tu, na hata hiyo si kila mara.

Tuanze na aina ya kwanza. Chukua kompyuta ya IBM PC iliyotoka Agosti 1981. Prosesa yake, Intel 8088, iliweza kufikia anwani 1,048,576, yaani megabaiti moja kamili. IBM walitenga kilobaiti 384 za juu kwa ajili ya skrini, ROM na vifaa vingine, zikabaki kilobaiti 640 kwa DOS na programu za mtumiaji. Ndani ya hizo 640 ilibidi vikae DOS yenyewe, draiva za kipanya na mtandao, mhariri, kompaila, msimbo chanzo, linka na programu inayotengenezwa. Mazingira kama Turbo Pascal ya Borland yalipendwa kwa sababu yote hayo yalikaa pamoja, ukabonyeza kitufe kimoja na programu ikatafsiriwa, ikaunganishwa na kuendeshwa bila kugusa diski. Raha hiyo ililipiwa kwa kumbukumbu. Programu ilipokua, siku moja ilitokea Error 1: Out of memory, na hapo msimbo hauna kosa hata moja.

Mwongozo wa Turbo Pascal ulikuwa na ushauri mzuri juu ya kosa hilo, na ninaupenda kwa sababu unafuata akili ya fundi: anza na kisichogharimu kitu. Kwanza, kama matokeo ya tafsiri yanawekwa kwenye kumbukumbu, badilisha menyu yaandikwe kwenye diski. Pili, kulikuwa na chaguo lililoitwa Link buffer, nalo lilikuwa na hali mbili, kumbukumbu au diski. Ligeuze liwe diski. Linka itakwenda polepole, lakini itafika. Tatu, ondoa programu zinazojificha nyuma, kama SideKick, ambazo watu walizipakia asubuhi wakasahau kwamba zipo. Nne, achana na mazingira yale yenye menyu na mhariri, utumie TPC.EXE, kompaila ile ile bila mapambo, inayoitwa kutoka kwenye mstari wa amri. Hakuna hata hatua moja kati ya hizo inayokudai uguse msimbo wako.

Kwa waliokuwa na DOS 5 na kuendelea, iliongezeka amri ya MEM /C, iliyoorodhesha kila kilichokaa kwenye kumbukumbu na ukubwa wake. Kuweka DOS=HIGH,UMB kwenye CONFIG.SYS na kupandisha draiva juu ya ile 640 kuliweza kuokoa makumi ya kilobaiti, na mara nyingi makumi hayo ndiyo yaliyotofautisha linka iliyomaliza na iliyokufa njiani. Leo watu huendesha kompaila hizi ndani ya DOSBox, na hapo ninaona kosa moja likijirudia: mtu anafungua faili la usanidi, anakuta memsize imewekwa 16, anapandisha hadi 63 akidhani ameipa linka megabaiti 63. Hajaipa kitu. Linka inayofanya kazi katika hali ya kawaida ya 8088 haizioni megabaiti hizo kabisa. Kwake dunia inaishia kwenye 640.

Aina ya pili ndiyo yenye utamu, na ndiyo iliyowachosha watu wengi zaidi.

Rejista za 8088 zilikuwa na upana wa biti 16, na biti 16 huhesabu mpaka 65,536 tu. Ili kufikia megabaiti moja, Intel waligawa kumbukumbu katika segimenti: rejista moja hutaja segimenti, nyingine hutaja umbali kutoka mwanzo wa segimenti hiyo, na prosesa huzidisha ya kwanza kwa 16 kisha hujumlisha ya pili. Kwa hiyo kuna njia mbili za kuita funksheni. Ya karibu huandikwa kwa baiti tatu: baiti ya E8, halafu baiti mbili za umbali. Ya mbali huandikwa kwa baiti tano: baiti ya 9A, baiti mbili za umbali na mbili za segimenti. Kompaila ndiyo inayochagua, na huchagua kabla linka haijaamka. Ikishaandika E8 na kuacha baiti mbili tupu, mambo yamekwisha.

Fikiria fomu ya halmashauri yenye visanduku vinne vya namba ya kiwanja. Karani ana kiwanja namba 12,407. Kalamu anayo, wino upo, karatasi ina nafasi kibao pembeni, ila visanduku ni vinne. Linka inayotoa ujumbe wa fixup overflow iko katika hali ya karani huyo. Imepata anwani, imekwenda kwenye nafasi iliyoachwa, na anwani haiingii. Hata ungeweka RAM ya chumba kizima, baiti mbili zitabaki mbili.

Kwa nini anwani isiingie? Mara nyingi ni mchanganyiko wa modeli. Kompaila za C za zama hizo zilikutaka uchague modeli ya kumbukumbu: ndogo kabisa, ndogo, ya kati, finyu, kubwa au kubwa mno. Katika modeli ndogo, msimbo wote hukaa kwenye segimenti moja na miito yote ni ya karibu. Katika modeli kubwa, kila faili hupata segimenti yake na miito ni ya mbali. Borland waliweka faili la kuanzishia na maktaba tofauti kwa kila modeli: C0S.OBJ na CS.LIB kwa ndogo, C0L.OBJ na CL.LIB kwa kubwa. Sasa mtu amebadilisha modeli kwenye menyu kutoka ndogo kwenda kubwa kwa sababu programu imenenepa. Anatafsiri tena mafaili aliyoyahariri leo. Yale ambayo hakuyagusa, pamoja na lile .OBJ alilopewa na mwenzake kwenye disketi, yamebaki na miito ya karibu. Linka inayapanga, inakuta E8 inayotaka kuruka kwenda segimenti nyingine, na inakataa. Kosa linataja faili na jina la funksheni ambavyo mwandishi hajavigusa kwa wiki nzima, naye anaapa kwamba linka imerukwa na akili.

Dawa yake ni ya kikatili na inafanya kazi: futa mafaili yote ya .OBJ, hakikisha faili la C0 na maktaba vina herufi ya modeli moja, tafsiri kila kitu upya. Kama kuna .OBJ ambalo huna msimbo wake chanzo, tafuta lilitafsiriwa kwa modeli gani na ulifuate lenyewe, maana lenyewe haliwezi kukufuata wewe.

Upande wa data ni mgumu kidogo, na unaonyesha vizuri kwa nini kosa linatoka kwa linka wakati kompaila imepita kimya. Tuseme faili la kwanza lina safu ya namba za desimali, 64 kwa 64. Kila namba ni baiti 8, kwa hiyo safu nzima ni baiti 32,768. Kompaila inaitazama, inaona iko chini ya 65,536, inapitisha. Faili la pili lina safu nyingine ya ukubwa ule ule. Kompaila inaipitisha pia, kwa kuwa haina habari ya faili la kwanza. Linka ndiyo ya kwanza kuziona zote mbili kwa pamoja, nazo jumla ni 65,536 kamili, na bado hakijawekwa ndani kitu kingine: maandishi ya ujumbe, vigeu vidogo vidogo vya maktaba na, katika modeli ndogo, hata steki. Vyote hivyo hukaa kwenye kundi moja linaloitwa DGROUP, na kundi hilo lote ni segimenti moja. Linka inasema DGROUP imezidi 64K na kunyamaza.

Hapo watu hukimbilia modeli kubwa, na katika Turbo C wanakuta ukuta ule ule. Modeli kubwa ilipanua msimbo na vielekezi, ikatoa steki nje ya DGROUP, lakini data tuli ya programu nzima iliendelea kubanwa ndani ya kilobaiti 64. Ni modeli kubwa mno tu iliyoruhusu kila faili kuwa na segimenti yake ya data, na hata hiyo ilitoza kasi. Kwa maoni yangu njia safi zaidi ilikuwa kuacha kutangaza safu kubwa kama vigeu vya kudumu, ukaziomba wakati programu inaendeshwa, kwa farmalloc katika C au kwa New na GetMem katika Pascal. Wa Pascal hawakuwa hata na modeli za kuchagua: vigeu vyote vya jumla, vya programu nzima na yuniti zake, viligawana segimenti moja, kwa hiyo walijifunza vielekezi wakitaka wasitake.

Kabla ya kubadilisha chochote, soma ramani. Linka za Borland na za Microsoft zote huweza kutoa faili la .MAP, na sijui kwa nini watu wanalipuuza hivyo, maana ndilo ripoti kamili ya kazi ya linka. Kila mstari unataja segimenti, inapoanzia, inapoishia na urefu wake, kwa hesabu ya msingi wa 16. Ukikuta mstari wa _TEXT, yaani segimenti ya msimbo, wenye urefu wa 0F3A2H, hiyo ni baiti 62,370. Kikomo ni 10000H, yaani 65,536. Umebakiwa na baiti 3,166, na kipengele kimoja tu utakachoongeza kwenye programu kinaweza kukuangusha. Ramani pia inakuonyesha wageni usiowaalika. Printf ikikutana na namba za desimali huvuta maktaba ya hesabu nzima, na kwa programu ndogo mgeni huyo peke yake anaweza kuwa mkubwa kuliko wenyeji.

Msimbo uliokataa kupungua ulikatwa vipande, vikawekwa kwenye diski na kuletwa kimoja kimoja penye uhitaji. Programu ya kuandikia ya WordStar iliishi hivyo, na waliotumia mashine zenye disketi wanayakumbuka mafaili yake ya WSMSGS.OVR na WSOVLY1.OVR. Baadaye Borland waliifanya linka yao ipange vipande hivyo kwa niaba ya mwandishi. Kisha zikaja prosesa za 386 na kompaila za biti 32 kama Watcom, ambazo zikiwa na kiendelezi cha DOS kiitwacho DOS/4GW ziliruka ukuta wote huo kwa mkupuo mmoja. Mchezo wa Doom wa mwaka 1993 ulitengenezwa kwa njia hiyo.

Ungedhani biti 32 zilimaliza ubishi. Anwani 4,294,967,296 ni nyingi. Zikajaa.

Desemba 2011, watengenezaji wa kivinjari cha Firefox walifika mahali ambapo toleo la Windows halikuweza kuunganishwa. Kompaila yao ilikuwa Visual C++ 2005, na linka yake ilikuwa programu ya biti 32. Windows ya biti 32 huipa kila programu gigabaiti 2 za anwani, na mbili nyingine hujiwekea yenyewe. Firefox walikuwa wamekwisha kuugonga ukuta huo wa gigabaiti 2 huko nyuma, wakaupita kwa kuwasha Windows kwa chaguo la /3GB, linaloiachia programu gigabaiti 3. Sasa zile 3 nazo zilikuwa zimejaa.

Kilichokula kumbukumbu kiasi hicho kilikuwa mambo mawili mazuri yaliyokutana vibaya. La kwanza, karibu kivinjari chote kiliunganishwa kuwa maktaba moja, xul.dll, ili kifunguke haraka. La pili, walitumia uboreshaji unaoongozwa na vipimo: programu hutengenezwa mara ya kwanza ikiwa na vihesabio ndani yake, huendeshwa ili ijulikane ni njia zipi zinapitwa sana, halafu huunganishwa upya kwa kufuata vipimo hivyo. Katika mpango huo kompaila haimalizi kazi. Huacha msimbo ukiwa nusu umetafsiriwa, na linka ndiyo inayotoa maagizo ya mwisho ya prosesa ikiwa inaiona programu nzima kwa mara moja. Kuiona nzima maana yake ni kuishikilia nzima.

Mapokezi ya msimbo mpya yalisimamishwa kwa muda, na baadhi ya vipengele vilivyokuwa vimeingia karibuni vikaondolewa ili linka ipumue. Halafu kazi ikahamishiwa kwenye mashine zenye Windows ya biti 64. Linka ilibaki ile ile ya biti 32, lakini kwenye Windows ya biti 64 programu ya biti 32 inayojua kutumia anwani za juu huachiwa gigabaiti 4 zote. Hapo ndipo mwisho wa biti 32. Gigabaiti ya tano haipo. Ndiyo maana walianza pia kuzitoa sehemu zisizohitaji kasi kwenye uboreshaji ule, ili linka isizibebe. Tiba ya kudumu ilikuwa linka ambayo yenyewe ni ya biti 64 ingawa inatengeneza programu za biti 32, na Microsoft waliiweka ndani ya Visual Studio 2013.

Ona kwamba mashine zile hazikupungukiwa RAM. Kilichokwisha ni namba za kuitaja. Anayekutana na LNK1102, kosa la Visual C++ la kuishiwa kumbukumbu, asikimbilie duka la vipuri kabla hajafungua Task Manager akaona link.exe iliyoanguka ilikuwa ya biti ngapi.

Kwenye Linux ya leo mambo hugeuka upande wa pili: anwani ni tele, RAM ndiyo haba. Mtu ana kompyuta pakato ya mtumba yenye gigabaiti 4, au amekodi seva ndogo ya gigabaiti 1, anataka kujenga programu kubwa ya C++. Anaandika make -j8 kwa sababu kila makala inasema hivyo. Saa nzima mambo yanakwenda. Mwishoni kabisa inatokea kwamba ld imekatizwa na signal 9, na neno Killed kwenye mabano. Hakuna mstari wa msimbo unaotajwa, na mgeni huanza kutafuta kosa kwenye faili la mwisho lililoonekana kwenye skrini. Faili hilo halina hatia. Kernel iliishiwa RAM, ikachagua programu yenye tumbo kubwa na kuiua. Amri ya dmesg itakuonyesha mauaji hayo kwa jina na kwa kiasi.

Kinachoponza ni kuunganisha kwingi kwa wakati mmoja. Kutafsiri faili moja hula kidogo, lakini kila linka hushika mafaili yote ya programu yake, na zikiwa nne au tano pamoja hakuna anayesalimika. Endesha tena make -j1: yaliyokwisha kutafsiriwa hayatatafsiriwa upya, utakamilisha kuunganisha tu. Wenye mradi wa kompaila wa LLVM wanalijua tatizo hili kiasi kwamba mfumo wao wa ujenzi una chaguo maalumu, LLVM_PARALLEL_LINK_JOBS, la kuweka kikomo cha linka zinazokwenda pamoja bila kupunguza kasi ya kutafsiri. Ongeza faili la swapu kama diski inaruhusu. Kisha tazama taarifa za utatuzi, zile zinazoletwa na -g, kwa kuwa katika C++ mara nyingi ndizo mzigo mkubwa kuliko msimbo wenyewe. Ziondoe kama huzihitaji, au tumia -gsplit-dwarf ili zikae kwenye mafaili ya pembeni ambayo linka haiyasomi. Linka ya zamani ya GNU ina pia chaguo la --no-keep-memory, linaloiambia isome mafaili upya kila inapoyahitaji badala ya kuyashikilia. Ni Link buffer ya Turbo Pascal imerudi kwa jina lingine.

Na fixup overflow haikufa. Kwenye prosesa za x86 za biti 64, maagizo mengi bado hutaja anwani kwa nafasi ya biti 32 yenye alama ya jumlisha au kutoa, yaani gigabaiti 2 kwenda mbele au kurudi nyuma. Mtafiti anayeandika Fortran akitangaza safu tuli ya namba za desimali, 20,000 kwa 20,000, ametangaza gigabaiti 3.2. Linka itamwambia relocation truncated to fit, hata kama seva yake ina gigabaiti 256. Ni karani yule yule, ameongezewa visanduku. Dawa nazo ni zile zile: badilisha modeli, safari hii kwa -mcmodel=medium, ukitafsiri upya mafaili yote; au iombe safu hiyo wakati programu inaendeshwa, kwa allocatable, ambayo mimi ningeichagua kabla ya nyingine.

Imebaki aina ya tatu, na wanaoijua zaidi ni wanaocheza na vifaa vidogo. Arduino Uno imejengwa juu ya ATmega328P, yenye kilobaiti 32 za flashi kwa msimbo na kilobaiti 2 za RAM. Kompyuta inayounganisha ina kila kitu, anwani zinatosha, ila kifaa kitakachopokea programu ndicho kidogo. Msimbo ukizidi flashi, utaambiwa umezidi, na mara nyingi kwa baiti ngapi. Kwa upande wa RAM kuna mtego ambao watu wa kompyuta kubwa hawautegemei: maandishi yote ya kuonyesha kwenye skrini, hata yasiyobadilika kamwe, hunakiliwa kwenye RAM programu inapoanza. Sentensi ishirini za maelezo zinaweza kumaliza nusu ya kilobaiti 2. Kuyafunga maandishi hayo ndani ya F() huyaacha kwenye flashi, yasomwe kutoka huko.

Linka ya AVR, familia ya ATmega328P, hujua data tuli tu. Steki haiioni, kwa sababu steki haipo mpaka programu ianze kuita funksheni, na kina chake hutegemea nani anamwita nani. Programu inaweza kuunganishwa bila neno lolote la lawama, ikapakiwa, ikaanza vizuri, kisha steki ikashuka na kukanyaga vigeu, na kifaa kikaanza kujiwasha upya bila mpangilio. Ndiyo sababu mazingira ya Arduino hufanya hesabu yake ya ziada baada ya linka kumaliza, na data tuli ikipita robo tatu ya RAM huonya kwamba kumbukumbu iliyobaki ni ndogo na huenda programu isitulie. Onyo hilo halizuii ujenzi kufanikiwa, na wengi hupakia programu hivyo hivyo.